Binti Aliyeomba Kufelishwa

Nchi yetu haina jina. Si kwamba tulisahau kuipa. Kamati ya Jina la Taifa iliundwa siku ile ile Waingereza walipoteremsha bendera yao, na mpaka leo wajumbe wanakutana kila Alhamisi, wanakunywa chai na kuahirisha. Kwa hiyo nikisema "nchi yetu", msomaji asianze kunyoosha kidole kwenye ramani na kusema ahaa, ni pale. Si pale. Pale mnapopafikiria ninyi mambo kama haya hayawezi kutokea, nami nawapongeza.

Mimi ni Mpambe wa Chuo Kikuu cha Kale. Kazi yangu ni kubeba siwa, lile rungu la fedha linalotangulia mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo kila aendako, na siku za sherehe hata akienda msalani. Watu wa mjini hunicheka. Wacheke tu. Mimi nimekula chumvi na siwa yangu, na sijaona kati yao hata mmoja aliyesimamisha mkutano kwa kuinua mkono.

Chuo chetu kililetwa na Waingereza kikiwa kizima. Walikuwa na chuo chao kikongwe huko kwao, wakatamani kukiona na huku, wakakinakili jiwe kwa jiwe: minara, madirisha membamba ya kuzuia baridi, na meko ya kuotea moto katika kila ukumbi. Huku kwetu jasho huanza kutiririka kabla ya chai ya asubuhi, lakini Kanuni zinasema meko yawashwe kuanzia Novemba, nasi huyawasha. Majoho ni ya sufu nzito. Kila mahafali huwa tunapoteza profesa mmoja au wawili kwa joto, nao huzikwa na majoho yao.

Miaka michache iliyopita ulitujia ujumbe kutoka chuo kile cha Uingereza. Wageni walitazama jinsi tunavyofundisha na tunavyotahini, wakatazamana, kisha bwana mmoja mrefu mwenye mafua akauliza kwa sauti ya chini kama kweli bado tunafanya hivi. Akasema kwao desturi hizi ziliachwa zamani sana, tena kwa aibu. Tuliwaonea huruma. Makamu Mkuu aliwafariji kwa hotuba ndefu, akawaambia wasivunjike moyo, siku wakitaka kuwa Waingereza tena waje tu, tutawafundisha.

Desturi zenyewe ni nyepesi kueleweka. Kanuni zinamtaka kila profesa atoe mhadhara kwa muda wote mshumaa mmoja unapowaka. Hazisemi popote kwamba lazima awepo wa kuusikiliza. Mwanafunzi kwa upande wake anatakiwa kula. Ndiyo, kula: avae joho, aingie bwaloni jioni, akae kwenye benchi na kula mlo wa Chuo, muhula baada ya muhula, mpaka milo inayotakiwa itimie. Akishakula, amesoma. Kwa utaratibu huu profesa yuko ukumbini anahutubia ukuta, mwanafunzi yuko bwaloni anapambana na nyama ya kuchemsha, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Tunaiita mihadhara ya ukuta. Ukuta wa Kitivo cha Tiba umesikia mambo mengi ya kitabibu kuliko binadamu yeyote wa nchi hii, na mwaka wa jubilei tuliutunuku nishani, ukapigiwa na saluti.

Baada ya milo huja mtihani, ambao ni wa kujibu kwa mdomo mbele ya watahini. Maswali ni yale yale tangu Chuo kianze, na majibu ni yale yale. Hakuna aliyewahi kufeli. Nimetafuta neno "kufeli" katika Kanuni zote, kwa miwani na bila miwani, halimo.

* * *

Sasa ndipo akaja Nakundwa.

Alitoka Kilambazi, mji mdogo wa mpakani, pale mto unapotutenganisha na nchi jirani. Alikuwa binti mwembamba mwenye tabia ya kuuliza. Hospitali ya Kilambazi siku zote imekuwa na daktari aliyehitimu kwetu, na makaburi ya Kilambazi yamepanuliwa mara kadhaa, mambo mawili ambayo Serikali haijawahi kuyatazama kwa pamoja. Mdogo wake Nakundwa alipougua, daktari wetu alimtazama, akakumbuka alivyojibu kwenye mtihani, kwamba homa ni joto lililokosa adabu, akaikaripia homa ile kwa Kilatini fasaha. Mtoto alifariki. Daktari alisikitika sana kwamba homa za huku hazijui Kilatini.

Basi Nakundwa alikuja Chuoni na wazo ambalo sijui nani alimtia kichwani. Alitaka kujifunza kutibu watu.

Asubuhi moja nilikuwa mlangoni pa ukumbi wa Kitivo cha Tiba, nimeegemea siwa na macho nimeyafumba kwa ajili ya kutafakari. Ndani Profesa Hilarioni Kabwogi, mkuu wa kitivo, alikuwa akitoa mhadhara wake. Huyu ni mtu mpole, mnene, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Kwa kuwa hakuna anayemsikiliza, kwa miaka mingi amekuwa akiuelezea ukuta habari za mbuzi wake wa maziwa. Nikamsikia akikatiza mbuzi katikati.

"Mpambe! Mpambe, njoo! Kuna mtu!"

"Yuko wapi, Profesa?"

"Pale kwenye benchi. Ananitazama!"

Kweli alikuwepo mtu. Binti alisimama, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, Profesa. Nimekuja kusoma."

"Marahaba, mwanangu. Kusoma ni jioni, bwaloni. Leo kuna maharage."

"Nimekuja kusikiliza mhadhara."

Profesa akanitazama mimi. Mimi nikautazama ukuta, maana kikanuni ndio uliokuwa na haki ya kujibu.

"Profesa," akasema Nakundwa, "mtoto akishikwa na homa kali, akaanza kutetemeka na kugeuza macho, nimfanyeje?"

Halafu Profesa Kabwogi akafanya jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Aliteremka jukwaani, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na mwanafunzi, joho lake limemkalia upande.

"Mwalimu wangu alisimama pale pale," akasema, "akasema na ukuta huu huu. Mimi nilikuwa bwaloni. Na mwalimu wake yeye vivyo hivyo. Kama kuna mtu aliyewahi kulijua jibu la swali lako, jibu limebaki kwenye ukuta."

"Basi tukalitafute vitabuni."

"Vitabu vimefungwa minyororo. Tunaruhusiwa kuviinamia."

"Profesa, watu wanakufa kule kwetu."

"Najua," akasema. "Huwa namwambia huyu," akauonyesha ukuta kwa kidole, "lakini haniulizi chochote."

Nilimhurumia, nikiri. Hata hivyo kazi ni kazi, nikaenda kutoa taarifa.

* * *

Makamu Mkuu wetu, Profesa Anselmu Kashonda, ni mtu mwenye sauti nzuri mno. Akiuliza saa, watu hupiga makofi. Aliitisha Baraza siku ile ile, nami nikatangulia na siwa, na Nakundwa akasimamishwa mbele ya meko yanayowaka.

"Binti," alisema Makamu Mkuu, "unatuhumiwa kuhudhuria mhadhara. Je, unafahamu uzito wa kosa lako? Ukianza wewe kusikiliza, kesho atasikiliza mwingine. Watu wakisikiliza, profesa atalazimika kusema jambo. Akisema jambo, litakuwa kweli au uongo. Likiwa uongo, tutaaibika, na likiwa kweli, tutatakiwa kulifanya. Chuo hiki kimesimama miaka yote hii kwa sababu hakuna aliyekifikisha huko!"

Wajumbe waligonga meza. Nakundwa aliomba asamehewe, lakini aliomba pia afundishwe, kwa hiyo msamaha ukashindikana. Adhabu ilikuwa kali: asikanyage tena ukumbi wowote wa mihadhara, na kila jioni ale milo miwili badala ya mmoja.

Kwa kweli ile adhabu ilitekelezwa kikamilifu. Nilimwona bwaloni jioni baada ya jioni akila sahani ya kwanza kwa ajili ya elimu na ya pili kwa ajili ya kosa. Machozi yalimchuruzika kwenye nyama. Wapishi walidhani ni pilipili, ingawa bwalo letu halijawahi kuweka pilipili kwenye kitu chochote. Matokeo yake, wenzake wakiwa bado katikati ya masomo, Nakundwa alikuwa ameshakula milo yote inayotakiwa. Makamu Mkuu alimtaja katika hotuba kama mwanafunzi aliyesoma kwa kasi kuliko wote katika historia ya Chuo.

Na wiki hiyo hiyo zikaja habari kwamba daktari wa Kilambazi amefariki. Alipatwa na homa, akajikaripia mwenyewe kwa kadiri alivyoweza. Serikali ikatangaza kwamba nafasi yake atapewa mhitimu wa kwanza wa tiba atakayepatikana, na aliyekuwa karibu kuhitimu alikuwa Nakundwa peke yake.

* * *

Siku ya mtihani ni mimi ninayemvisha mtahiniwa joho. Nakundwa aliingia kwenye chumba changu akiwa mkavu wa midomo.

"Mzee wangu, nikinyamaza kimya, nitafeli?"

"Kufeli ndiyo nini, mama?"

"Nikosee. Waninyime shahada."

Nilimwambia habari ya miwani na Kanuni. Akakaa juu ya sanduku la majoho.

"Nisikilize, baba. Ng'ambo ya mto, kwa majirani, kuna hospitali. Ina madaktari kweli, wa kushika mgonjwa na kumpa dawa. Pantoni inavuka kila asubuhi. Lakini watu wetu hawavuki. Na kwa nini wavuke, wakati daktari wao yupo hapo hapo, karibu, amevaa joho? Wanampelekea watoto yeye. Sasa hivi kiti kiko wazi, na wiki hii wameanza kuvuka. Nimeletewa habari na mama. Mtoto wa jirani yetu kavushwa akiwa hajitambui, karudi anakimbia." Alinishika mkono, ule wenye siwa, jambo ambalo haliruhusiwi. "Nikifeli mimi, kiti kitabaki wazi. Unaona? Nikifaulu, watarudi kwangu. Nami sijui chochote, baba. Sijui hata kupima moto wa mwili. Nisaidie nifeli."

Nilimsawazishia kola. Nikamwambia atulie, kila mtahiniwa huogopa, na mpaka leo naamini yalikuwa maneno ya kutia moyo.

Mtahiniwa wetu huruhusiwa kuchagua watahini. Wengine wote huchagua rafiki zao. Nakundwa alimchagua Makamu Mkuu kwa kuwa bwana huyo alimkasirikia siku ya Baraza, na Profesa Kabwogi kwa kuwa aliwahi kusema kweli mara moja. Walikaa mezani kwa majoho, meko yanawaka nyuma yao, na jasho limelowesha kofia. Nikagonga siwa sakafuni.

"Swali la kwanza," alisema Makamu Mkuu. "Moyo uko wapi?"

Jibu linalotakiwa ni "Kifuani, kwa heshima zote." Nakundwa akavuta pumzi.

"Sijui."

Uso wa Makamu Mkuu ukachanua.

"Mmesikia? Anao moyo, kama sisi tunavyomwona, lakini anaona haya kusema mbele ya wakubwa kuwa anajua ulipo. Unyenyekevu! Andika: amejibu vizuri sana. Swali la pili. Homa ni nini?"

"Sijui! Nasema kweli, sijui. Hakuna aliyenifundisha. Waheshimiwa, mkinipeleka Kilambazi watu watakufa mikononi mwangu!"

"Na hisia pia anazo," alisema Makamu Mkuu, akajifuta uso.

Profesa Kabwogi alijikohoza. "Mheshimiwa, labda tumsikilize anachosema."

"Profesa, kusikiliza si sehemu ya mtihani."

"Anasema hajui. Pengine kweli hajui."

Makamu Mkuu alimgeukia taratibu, na ile sauti nzuri ikapungua hata nikalazimika kuinama ili niisikie. "Hilarioni. Tukisema leo kwamba asiyejua asipewe shahada, kesho mimi na wewe tutakaa wapi?"

Profesa Kabwogi alitazama mikono yake.

"Swali la tatu na la mwisho," akaunguruma Makamu Mkuu. "Mgonjwa akifa, nani wa kulaumiwa?"

Jibu ni "Mgonjwa." Hata watoto wa wafagizi wetu wanalijua. Nakundwa aliinua kichwa, akawatazama mmoja mmoja, akanitazama na mimi.

"Ninyi."

Kuni ilipasuka mekoni, Profesa Kabwogi akaruka kitini. Mimi nilidhani sasa neno lile ambalo halimo kwenye Kanuni litabidi litungwe. Nakundwa mwenyewe nilimwona akianza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyetua mzigo.

Lakini Makamu Mkuu si mtu wa kushindwa na neno moja. Alifumba macho, akayafumbua.

"Kila mmoja wetu hapa," alisema, "siku moja ataugua, na ataugua mpaka afe. Kwa hiyo sisi ni wagonjwa. Mtahiniwa anaposema ninyi, anasema wagonjwa. Jibu ni sahihi, tena limepanuliwa! Natamka Daraja la Kwanza."

Nakundwa alianguka. Tulimvisha kofia akiwa bado chini.

* * *

Alipelekwa Kilambazi kwa gari la Serikali, na pembeni yake aliketi askari wa kumlinda asije akashuka njiani.

Habari za mambo yaliyofuata tulizipata polepole. Ilisemekana kwamba usiku wa kwanza hakulala, na kwamba kulipopambazuka alichukua ubao na rangi nyeusi, akaandika kibao kikubwa, akakipigilia mbele ya hospitali kinapoonekana toka barabarani: HAPA HAKUNA DAKTARI. PANTONI INAONDOKA ASUBUHI. WAHINI. Mtu akija na mgonjwa, Nakundwa humwambia vivyo hivyo kwa mdomo, humsaidia kumbeba mgonjwa hadi mtoni, humwombea nafasi kwenye pantoni, kisha hurudi kufagia wodi tupu.

Watu wa Kilambazi waliendelea kuvuka. Wakavuka na wa vijiji vya jirani. Watoto waliokwenda wamelala walirudi wamekaa. Kule makaburini nyasi zikaota hata mchungaji wa mbuzi akaona pafaa kwa malisho. Majirani zetu, ambao hawana adabu, wakatangaza redioni kwao kwamba wagonjwa wetu wanakaribishwa.

Hapo Serikali ikashtuka. Raia wanapona nje ya nchi bila kibali! Na kibao kile, kilichoandikwa na mhitimu wetu wa Daraja la Kwanza, kilikuwa kinasema nini kuhusu Chuo? Makamu Mkuu aliitisha Baraza. Wengi walitaka Nakundwa avuliwe shahada, lakini Kanuni zilipofunguliwa ilionekana kwamba shahada hutokana na milo, na hakuna utaratibu wowote wa kumfanya mtu awe hajala. Walikaa mchana kutwa. Profesa Kabwogi alipendekeza kwa sauti ndogo kwamba labda kibao kiachwe. Hakuna aliyemuunga mkono, na katika kumbukumbu za kikao iliandikwa kuwa alikohoa.

Mwisho Makamu Mkuu alipata ufumbuzi. Kama shahada haiwezi kushushwa, ipandishwe. Nakundwa atatunukiwa Udaktari wa Madaktari, heshima ambayo haijawahi kutolewa, na atatunukiwa palepale Kilambazi mbele ya wananchi ili wajue ni mtu wa namna gani waliyenaye. Na kibao kipya kitengenezwe kwa herufi za dhahabu.

* * *

Tulifika Kilambazi asubuhi, Baraza zima na bendi ya polisi. Hospitali iko juu kidogo ya mto, na toka barazani unaiona pantoni kama unavyoiona sahani yako mezani. Ni pantoni ya kuvutwa kwa kamba. Huvuka mara moja tu asubuhi, kisha mvuta kamba huenda shambani kwake, na hapo hata umlilie harudi mpaka kesho. Ilikuwa imeshajaa nusu. Walikuwepo wazee wamejifunika mablanketi, mwanamume mwenye mguu uliofungwa kitambaa, na akina mama kadhaa na watoto.

Askari waling'oa kile kibao cha rangi nyeusi, wakakipasua kuni. Kipya kikapandishwa. Kiling'aa kwelikweli: DAKTARI BINGWA WA MABINGWA YUPO. KARIBUNI.

Nakundwa alitolewa wodini akiwa na ufagio mkononi. Alipokiona kibao alitupa ufagio, akataka kukimbia kuteremka mtoni. Sasa hapa lazima nieleze sheria moja. Siwa ikiinuliwa juu kwa mikono miwili, sherehe imeanza, na hakuna mtu wa Chuo anayeruhusiwa kubandua mguu mahali alipo mpaka ishushwe. Makamu Mkuu alinitazama. Nikainua siwa. Askari wawili wakamsimamisha Nakundwa pale alipofika, kwa heshima zote, wakaanza kumvalisha joho jipya jekundu la sufu.

Makamu Mkuu akaanza hotuba.

Kule chini, kwenye pantoni, nilimwona mwanamke mmoja wa vijiji vya mbali akikiinulia macho kibao. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa kanga, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimelalia upande, kinacheza kila mama alipojitikisa. Alisoma, akasoma tena. Akateremka kutoka kwenye pantoni, akapanda mpaka nilipo mimi, maana nilikuwa nimesimama mbele ya wote.

"Shikamoo, mzee. Ni kweli daktari yupo?"

Sikuweza kusema, kwa kuwa mbeba siwa hasemi na mtu wa nje ya Chuo wakati wa hotuba. Nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo ilivyokuwa imeandikwa.

"Dada!" alipiga kelele Nakundwa. "Dada, rudi! Panda pantoni! Mimi si daktari, usimlete kwangu, rudi!"

Makamu Mkuu alitabasamu, akaipa bendi ishara, na bendi ikapiga wimbo wa Chuo, ukafunika maneno yake binti. Mwanamke yule alimtazama Nakundwa akipanua mdomo ndani ya joho jekundu, akafurahi, nadhani alidhani anaimba. Aligeuka akawapungia wenzake wa pantoni.

"Jamani, teremkeni! Tumeletewa daktari! Leo hatuvuki!"

Wakateremka. Wazee walisaidiwa kushuka, kisha yule wa mguu akafuata akichechemea. Mvuta kamba aliwangoja kidogo, akauliza kitu, wakamjibu kwa kupunga mikono, basi akashika kamba.

"Mpambe," nilisikia nyuma ya sikio langu. Alikuwa Profesa Kabwogi. "Shusha siwa. Nakuomba. Ukiishusha, binti ataiwahi pantoni."

"Profesa," nilimnong'oneza, "hotuba haijaisha."

"Shusha tu, ndugu yangu. Sema mikono imekuuma."

Na kweli mikono ilikuwa inaniuma. Iliuma kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na kitu kingine kiliniuma pia, hapa kifuani, sikukielewa, nikadhani ni jua. Lakini sijawahi kushusha siwa kabla ya wakati, tangu nilipoajiriwa, na siku ile wakubwa wote walikuwa wananitazama. Nilikaza viwiko. Profesa Kabwogi hakuja kuishusha yeye. Alibaki amesimama kwenye mstari wake, analia, naye alikuwa mrefu kuliko mimi na mikono yake ilikuwa mitupu.

Pantoni ilivuka ikiwa haina mtu. Ilipogusa ng'ambo, mvuta kamba akaifunga kwenye mti, akachukua jembe lake, akaondoka bila kugeuka nyuma. Makamu Mkuu akafika kwenye neno "asanteni". Nikashusha siwa.

Askari walimwachia Nakundwa. Alikimbia hatua chache, akaona mto, akasimama. Yule mama alikuwa ameshatandika kanga ya pili barazani na kukaa wa kwanza kwenye foleni, na nyuma yake wengine walikuwa wanapanga viatu vyao vizuri, kama watu wanavyofanya mahali wanapopaheshimu. Alimfungua mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa ameanza kutetemeka.

"Pole na safari, daktari," alisema yule mama, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Tulikuwa tumeshakata tamaa."

Akamnyooshea Nakundwa mtoto kwa mikono yote miwili. Nakundwa alitutazama sisi, Baraza zima na majoho yetu, akangoja. Hakuna aliyesogea. Kisha akampokea, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumpokea.